Kocha wa mtaani naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kurasa zenu za michezo hulipita kila msimu wa usajili. Mnatueleza mchezaji ametoka timu gani kwenda ipi, amesaini miaka mingapi, wakala wake ni nani na dau lake linakadiriwa kuwa kiasi gani. Lakini ni nadra tukasoma ni nani aliyemfundisha kutumia mguu wa kushoto alipokuwa na miaka kumi na miwili, au ni nani aliyekwenda nyumbani kwao usiku kumsihi baba yake asimwachishe shule. Mimi si mwandishi wa michezo wala kiongozi wa soka. Ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Morogoro, na kati ya mwaka 1993 na 1999 nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya watoto wa mtaani kwetu, Mji Mpya, chini ya kocha ambaye riziki yake ilitoka kwenye cherehani.

Sitamtaja jina, kwa kuwa nilipomwomba ruhusa alicheka akaniambia nimalize kwanza kumlipa suruali niliyomkopa mwaka 1998. Tulimwita mwalimu, kama wachezaji wa nchi hii wanavyomwita kila kocha, awe wa Taifa Stars au wa timu ya chandimu. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na uwanja wetu ulikuwa kipande cha ardhi chenye mteremko, kiasi kwamba timu iliyoshambulia kuelekea bondeni kipindi cha kwanza ilijihesabu imekwisha kushinda nusu ya mchezo. Mipira yetu ya mwanzo ilitokana na vipande vya nguo vilivyobaki kwenye kazi zake, akavifunga kwa nyuzi kwa ustadi ambao sisi tusingeuweza. Jezi zilikuwa fulana za mitumba alizozishonea namba mgongoni kwa vitambaa vya rangi yoyote iliyopatikana. Namba yangu, 3, ilikatwa kutoka kwenye kitenge cha maua. Wapinzani walitucheka kwa maua yale mpaka tulipoanza kuwafunga.

Alikuwa pia na daftari kubwa, lile tunaloliita kaunta buku. Kila mtoto aliyejiunga alipewa ukurasa wake, na katika ukurasa huo mwalimu aliandika jina la mtoto, jina la mzazi, mtaa, shule, darasa na tarehe ya kuzaliwa, ambayo hakuipokea kwa mdomo bali aliinakili mwenyewe kutoka kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa au cheti cha ubatizo. Chini yake aliweka alama kwa kila siku ya mazoezi, na kila muhula ulipofungwa alinakili nafasi ya mtoto darasani. Asiyeleta ripoti ya shule hakupewa jezi hata akiwa straika wetu bora, na mara mbili ninazozikumbuka vizuri tulipoteza mechi huku straika huyo amesimama nje ya mstari, mikono kifuani, akitutazama tunavyokosa mabao ambayo yeye asingeyakosa. Wazazi waliokuja kulalamika walifunuliwa ukurasa wa mtoto wao, na wapo ambao hapo ndipo walipojua kwamba kijana wao amekuwa wa arobaini na sita kati ya wanafunzi hamsini.

Mwaka 1995 viongozi wa timu nyingine, yenye uwezo kuliko yetu, walikuja kutuazima mimi na wenzangu wawili kwa ajili ya mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12. Nilikuwa na miaka 14, lakini umbo langu lilikuwa dogo, na vyeti vya watoto wengine vilikuwa vimekwisha kutafutwa. Zawadi iliyoahidiwa ilikuwa njumu, na mimi tangu nizaliwe sikuwa nimevaa njumu zangu mwenyewe. Mwalimu hakugomba. Alifungua ukurasa wangu, kisha akafungua ukurasa wa mdogo wangu aliyenifuata, ambaye naye alikuwa mchezaji wake, akaniuliza mbele ya wale wageni kama kuanzia siku hiyo nimwamkie mdogo wangu au vipi, maana kwa hesabu za cheti kile yeye ndiye aliyekuwa amekuwa kaka. Watu waliangua kicheko, nami nikaona haya, na shauri likaishia hapo. Miaka kumi baadaye, Tanzania ilipofuzu kwa fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kisha ikaenguliwa kwa kosa la umri, wengi walishangaa. Sisi tuliopita kwenye lile daftari tulijua kwamba kosa kama hilo halianzii makao makuu ya chama chochote, huanzia siku mtoto anapokabidhiwa cheti cha mwenzake na mtu mzima anayemwamini. Siku hizi wachezaji wa umri huo hupimwa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Ni jambo jema, ila mashine hiyo humkuta mtoto akiwa amekwisha kufundishwa kudanganya.

Lakini jambo ambalo limenifanya nishike kalamu ni mazungumzo ya mwaka 1999, nilipokuwa kidato cha nne. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba mtihani nitaufanya kwa kujaza karatasi tu, kisha nikafanye majaribio katika timu moja ya mkoa wetu. Mtibwa Sugar ilikuwa inatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka huo, ikaurudia mwaka uliofuata, na hakukuwa na kijana wa Morogoro ambaye hakujiona katika jezi yake. Mwalimu aliniita kibandani, akanipa kigoda, akaendelea kupinda suruali ya mteja bila kuninyanyulia macho, akanieleza kwamba ninausoma mchezo vizuri na ninajua mahali pa kusimama, lakini mbio sina na sitazipata, na kwamba beki wa pembeni asiye na mbio atazunguka kwenye mabenchi ya timu za madaraja ya chini hadi atimize miaka 30, ndipo aanze kutafuta kazi akiwa hana cheti. Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nilimchukia kwa muda wa juma moja hivi.

Juma lililofuata alinipeleka kwa mteja wake mmoja aliyekuwa akifanya kazi maabara, akamwomba anionyeshe hadubini. Alikuwa ameona kwenye ripoti zangu, alizozinakili kwa miaka sita, kwamba Baiolojia na Kemia ndiyo masomo yaliyokuwa yakipanda wakati mengine yakishuka. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hilo, wala nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa ameliona, kwa sababu ripoti zilisomwa mara moja na kuwekwa chini ya godoro. Leo hii natafuta vimelea vya malaria kwenye hadubini siku tano kwa wiki, na watoto wangu wanasoma kwa mshahara huo. Makocha wengi hujua kumwambia mtoto kwamba atafika mbali, maana maneno hayo hayana gharama kwa anayeyasema. Kumwambia kijana wa miaka 18 ukweli kuhusu miguu yake, kisha kumshika mkono na kumpeleka mahali pengine ambapo akili yake inahitajika, kunahitaji mtu aliyemwandika na kumfuatilia tangu akiwa mdogo.

Kundi langu lilikuwa na watoto ishirini na wawili. Mmoja alicheza Ligi Kuu kwa misimu mitatu. Mmoja ni mwamuzi. Mmoja alivunjika goti akiwa na miaka 16, mwalimu akamketisha kwenye cherehani ya pili, na sasa ana duka lake la kushona jezi ambalo hupokea oda za shule na timu za ndondo. Yuko dereva wa basi, askari magereza, wakulima wa mpunga, fundi ujenzi. Wawili wamefariki. Mmoja alifungwa kwa wizi, na mwalimu alikuwa akienda kumtazama gerezani kila alipopata nafasi; ukurasa wake haukuchanwa.

Sasa, Mhariri, nije kwenye kilichotokea mwaka jana. Kijana mmoja aliyelelewa na mwalimu huyuhuyu, ambaye bado anafundisha watoto ingawa macho yamepungua nguvu, alipata timu nje ya nchi. Katika taratibu za uhamisho huo ilitolewa orodha ya timu zote alizosajiliwa tangu utotoni, ile ambayo FIFA huiita pasipoti ya mchezaji. Kijana alimtumia mwalimu picha ya orodha hiyo kwa simu, kwa furaha tu. Ilianza alipokuwa na miaka 17. Miaka ya nyuma yake, ambayo yote aliitumia kwenye ule uwanja wa mteremko, ilikuwa wazi, kana kwamba alilala na miaka 11 akaamka na 17 akiwa tayari anajua kupiga krosi. Nilimsaidia mwalimu kubeba daftari hadi ofisi tuliyoelekezwa, na huko tukaambiwa kwa adabu kabisa kwamba timu yake haijawahi kusajiliwa popote, hivyo maandishi yale hayana nguvu. Yeye hakukasirika. Aliomba tu aonyeshwe kama jina la kijana limeandikwa sawasawa, maana lina herufi mbili ambazo watu huzikosea.

Ili wasomaji waelewe uzito wa nafasi ile iliyoachwa wazi, inafaa nieleze kanuni yenyewe, kwa kuwa nimegundua kwamba hata viongozi wengi wa timu za mitaani hawajawahi kuisikia. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya dau hukatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi mwaka wa kutimiza miaka 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 hupewa robo ya asilimia moja ya dau, na kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 hupewa nusu ya asilimia moja. Tuchukue mfano wa dau la shilingi bilioni 1: fungu lote la walezi ni shilingi milioni 50, na klabu iliyomlea mtoto miaka minne ya mwanzo hupata milioni 10. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho hutazama usajili uliomo katika mifumo ya kielektroniki ya vyama vya soka. Kisichosajiliwa huko hakionekani Paris.

Sote tunaijua safari ya Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992 na kukulia Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa Januari 2020, ambako alikuwa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza na muda mfupi baadaye akaifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Kwa hesabu za kanuni niliyoieleza, karibu nusu ya fungu la walezi katika uhamisho wa mchezaji mwenye historia kama yake huelekea Lubumbashi, kwa kuwa huko ndiko alikokaa takriban miaka mitano kabla ya kuvuka umri wa miaka 23. Mazembe walistahili, walimlea na walimwandika. Ninachouliza ni wasomaji wangapi wa gazeti hili, ambao wanaweza kusimulia lile bao la kichwa la Wembley hadi dakika yake, wanaoweza kumtaja mtu mmoja aliyemfundisha mpira Mbagala kabla hajafikisha miaka 15.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi wa barua hii anatafutia makocha pesa, na kwamba mlezi wa kweli hafanyi kazi kwa kutazamia malipo. Mwalimu wangu hakuwahi kutazamia, na ukimpa milioni 10 leo nadhani atanunua mipira na nyavu kisha ataniuliza tena habari ya suruali. Ila naona hatari kubwa zaidi katika hali ya sasa, ambapo anayechuma ni wakala au timu iliyomsajili kijana mwezi mmoja kabla hajauzwa, na anayefundisha kwa miaka mitano hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba alikuwapo. Vijana wanaliona jambo hilo. Wachezaji wa zamani ambao wangeweza kuwa walezi wazuri wanaliona, wanachagua kuwa mawakala.

Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili lilishughulikiwa kwa namna inayostahili kuangaliwa. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare jijini Nairobi, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akishughulika na masuala ya mazingira, alianzisha pamoja na vijana wa hapo chama kinachojulikana kama MYSA. Watoto walikuwa wakicheza kwa mipira ya karatasi za plastiki zilizofungwa kamba, katikati ya lundo la taka, na makubaliano yakawa kwamba chama kitawaandalia ligi, nao watasafisha mtaa wao. Timu iliyofanya usafi iliongezewa pointi 6 katika msimamo wa ligi, sawa na ushindi wa mechi mbili kwa hesabu za siku hizi. Kutoka kwenye ligi hiyo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech alipitia Mathare United kabla ya kwenda Qatar na kisha Ufaransa. Lakini mimi huvutiwa zaidi na Francis Kimanzi, aliyekulia humo humo, akawa mchezaji, akawa kocha wa Mathare United, hatimaye akaifundisha timu ya taifa, Harambee Stars. Hapo ndipo unapoona kwamba mlezi mzuri hazai wachezaji tu. Huzaa walezi wengine, na hao hurudi kufundisha wakiwa wanayajua majina ya vichochoro.

Ziko njia nyingine, na si zote ninazozipenda. Mfaransa Jean-Marc Guillou alipofungua kituo chake Abidjan katika klabu ya ASEC Mimosas miaka ya mwanzo ya 1990, watoto walilala hapohapo, walisoma hapohapo, na walicheza peku kwa miaka ya mwanzo ili waujue mpira kwa nyayo zao. Mwaka 1999 vijana hao, wengi wao wakiwa bado hawajatimiza miaka 20, waliifunga Esperance ya Tunisia 3-1 na kutwaa Kombe la Super la Afrika. Ndiko walikotoka Kolo Touré, mdogo wake Yaya, na Didier Zokora. Baadaye Guillou aliwahamishia wengi Beveren, klabu ya Ubelgiji aliyokuwa na mkono ndani yake, na wakosoaji wakahoji kama kituo ni shule au ghala. Swali hilo ni la haki, lakini angalau lilikuwa na wa kuulizwa, kwa sababu kila mtoto alikuwa ameandikwa na alikuwa na mwenyewe. Hapa kwetu mtoto akipotea njiani kati ya mtaani na timu kubwa, hakuna ofisi ya kwenda kuuliza.

Na hili linanileta kwenye sababu ya pili ya kutaka makocha waandikwe, ambayo ni nzito kuliko ya fedha. Mtu anayekaa na watoto wa wenzake kila jioni, anayesafiri nao, ambaye neno lake linaamua nani acheze na nani akae, ana mamlaka ambayo wazazi wachache wanayo. Mwaka 2016 nchini Uingereza wachezaji wa zamani walijitokeza mmoja baada ya mwingine kueleza jinsi walivyodhalilishwa kingono utotoni na makocha waliokuwa wakiheshimika, na taifa zima likabaki kujiuliza kwa nini hakuna aliyefuatilia. Tusijidanganye kwamba kwetu hayawezekani. Kocha aliyesajiliwa anajulikana anakoishi, anaweza kuulizwa na anaweza kuzuiwa. Wa kwetu wengi ni watu wema, nami ni shahidi, lakini mzazi wa leo ana haki ya kupata uthibitisho mwingine zaidi ya ushahidi wangu.

Sitaki msomaji adhani kwamba mwalimu wangu hakuwa na kasoro. Kwa miaka mingi aliwafukuza wasichana uwanjani kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Dada yangu, aliyekuwa na mbio kuliko mimi na kuliko nusu ya timu, aliishia kuokota mipira. Mwaka 2022, Serengeti Girls walipokwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali, mwalimu alizitazama mechi hizo kwenye kibanda cha jirani, na mwezi uliofuata daftari likaanza kuandikwa majina ya wasichana. Alichelewa kwa miaka karibu thelathini, na nilimwambia hivyo. Alikubali. Dada yangu bado hajamsamehe, na sijaona sababu ya kumshawishi.

Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, itaandaa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na mazungumzo yote ninayoyasikia ni ya viwanja, hoteli na barabara. Sipingi viwanja. Ninachoomba ni kitu cha bei ndogo mno kikilinganishwa na ujenzi wa uwanja wa Arusha. Vyama vya soka vya wilaya vifungue daftari la timu za watoto, kwa ada ambayo fundi cherehani anaweza kuilipa bila kuuza mashine yake, na usajili huo uingizwe katika mfumo wa shirikisho la soka la nchi, TFF, ili miaka ya kuanzia 12 isibaki wazi. Ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo inawajua watu wake, ithibitishe kwamba kocha fulani anafundisha mahali fulani na hana rekodi mbaya kwa watoto. Afisa michezo wa halmashauri, ambaye kwa sasa wengi wetu humwona msimu wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, tu, apite viwanjani walau mara moja kwa muhula. Mafunzo ya leseni ya ukocha ya ngazi ya chini kabisa ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), yaani leseni D, yaletwe wilayani kwa siku na saa ambazo mtu anayefunga kibanda chake saa kumi jioni anaweza kuhudhuria. Kumwambia mtu huyo akae Dar es Salaam siku kadhaa kwa gharama zake ni sawa na kumwambia asihudhurie. Klabu za Ligi Kuu, ambazo kanuni za leseni zinazitaka ziwe na timu za vijana, zipunguze mtindo wa kukusanya vijana wiki moja kabla ya ukaguzi, na badala yake ziingie makubaliano ya maandishi na timu za mitaani zinazowatoa vijana hao.

Na kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Waandishi wako wanapomhoji mchezaji aliyesajiliwa, wamuulize swali moja la ziada: nani alikufundisha kabla hujafikisha miaka 15, na wapi. Jibu lichapwe kama lilivyo, jina na mtaa, iwapo mhusika ataridhia. Hakuna chama kinachohitaji kupitisha azimio ili jambo hilo lianze Jumatatu ijayo.

Madaftari ya mwalimu wangu yako saba. La kwanza limeliwa na mchwa pembeni, lakini majina yote yanasomeka. Kwa kuwa macho yake hayamruhusu tena kunakili, jioni za Jumamosi huwa nakwenda kibandani kwake kuyahamishia kwenye karatasi safi, yeye akinisahihisha majina kwa kumbukumbu, na kufikia sasa tumemaliza hadi mwaka 2004. Chama chochote cha soka, cha wilaya au cha mkoa, kitakachotaka nakala kitatukuta hapo kuanzia saa kumi na moja.

Wako msomaji,
Mji Mpya, Morogoro.